Vigingi vya Jumapili

Jumapili, 5 Januari

Merrin kaondoka Ijumaa, na mimi nimeanza daftari hili kwa sababu maneno niliyozoea kumwambia yamenijaa mdomoni na hayana pa kwenda. Tumekuwa pamoja tangu darasa la pili. Nyumba yao na yetu zinatenganishwa na uzio tu, na wakati huu wa mwaka hata uzio hauonekani kwa theluji. Sasa yuko Tucson, jangwani kusini, na Royce, mwanamume aliyemjua tangu Agosti.

Leo tumecheza mchezo wetu wa hadithi na kete bila yeye. Yaani alikuwepo, ila kwenye simu. Gereji ya Harlan, saa nane mchana, kama Jumapili zote. Harlan ndiye kiongozi wa mchezo: yeye ndiye mapango, majoka, wafalme na mvua, na kete zake anazirusha nyuma ya ubao tusizione. Sisi wengine kila mtu ana mhusika wake. Binamu yangu Curtis ni Gorm, shujaa mwenye nguvu nyingi na akili chache (hakuhitaji kuigiza sana). Dolly, mpishi wa shule, miaka sitini na mitatu, ni mchawi mwenye kichwa cha chura, tunamwita Bibi Chura. Mimi ni Pell, mwizi mfupi. Merrin ni Hethra, mganga mwenye pembe mbili.

Mezani kila mhusika ana kigingi chake, na wote nimewachora mimi. Kigingi ni kipande cha mti kirefu kama kidole cha kati, kichwa mviringo, mwili kama kengele, hakina mikono wala miguu. Mengine yote ni brashi. Hakuna aliyenifundisha. Nilianza nikiwa na miaka kumi na sita, na kigingi changu cha kwanza kilikuwa na macho juu sana hadi kikaonekana kimeketi msalani.

Tulisimamisha simu kwenye kopo la kahawa. Nyuma ya Merrin kulikuwa na jua kali, na yeye kavaa fulana isiyo na mikono. Curtis akamwambia, "We, shusha pazia, jua lako linatupigia kelele." Merrin akacheka. Alikaa saa nzima, akaaga, akasema kila Jumapili atakuwepo, na Aprili atakuja mwenyewe.

Jumapili, 12 Januari

Merrin kaandika: "Samahani jamani, tunahamisha makochi leo. Hethra afanye lolote." Harlan akasema ujumbe ni ujumbe. Nikamrushia Hethra kete mimi. Kapata pete ya shaba. Nimeshaichora kifuani, kwa sababu vidole hana.

Jumanne, 14 Januari

Theluji inchi kumi na nne. Kwenye duka la rangi ninapofanya kazi kaja mtu mmoja tu, anataka rangi ya jikoni iliyo "kama siagi lakini yenye furaha." Nimechanganya mara nne.

Jumapili, 19 Januari

Hakuna Merrin, hakuna ujumbe. Tumengoja hadi saa nane na nusu.

Jumapili, 26 Januari

Tena hakuna. Wiki hii nimepiga simu mara sita, na mara moja akajibu kwa picha ya mti wenye miiba.

Meza yetu ina sheria mbili, na zote zipo tangu kabla sijaingia. Ya kwanza: linalompata mhusika linachorwa. Akiungua, nachora mahali alipoungua. Akipata kovu, nachora kovu. Ukitaka kujua Gorm alipitia nini miaka mitatu, mgeuze tu, mgongo wake wote ni hadithi. Kigingi hakidanganyi. Ya pili: mchezaji akikosa mara tatu mfululizo bila neno, kigingi chake kinatolewa mezani, kinawekwa dirishani, na wengine wanaamua mhusika wake ameishaje. Dirishani wapo watatu. Mmoja ni wa marehemu mke wa Harlan, na hata yeye Harlan hakumpendelea. Alikuwa hospitali Jumapili tatu, hakuweza kuongea, kigingi kikahamia dirishani. Mkewe mwenyewe.

Wakati tunavaa makoti Harlan akaniambia, "Mbili, Saima."

"Najua kuhesabu," nikamjibu.

"Najua unajua."

Jumapili, 2 Februari

Nimefanya kitu. Naandika haraka kabla sijajionea aibu.

Asubuhi nilimwandikia Merrin: niandikie neno moja tu, hata "sawa", leo ni ya tatu. Saa mbili, nne, sita, kimya. Ile alama ya kuonyesha amesoma ilikuwepo.

Tukakaa. Dolly alileta mkate wa iliki, ukapita mkono kwa mkono. Harlan akajifuta makombo kwenye ndevu, akanyoosha mkono kumchukua Hethra. Mkono wa Harlan ni mkubwa, anaendesha gari la kusukuma theluji la kaunti miaka ishirini, na Hethra alikuwa anapotelea mle ndani kama njugu.

"Kaniandikia," nikasema.

Mkono ukasimama.

"Lini?" akauliza Harlan.

"Asubuhi."

"Kasema nini?"

Nilikuwa sijafikiria kasema nini. "Kasema Hethra abaki kulinda mlango wa pango. Na asiguswe."

Curtis akauondoa mkate puani, maana alikuwa anaunusa, na akasema, "Asiguswe na joka au asiguswe na sisi?"

"Na wewe."

"Basi mwambie nami simgusi hata kwa fimbo."

Harlan akaniangalia. Si sana, kama mtu anavyoangalia barabara kabla ya kupinda. Akamrudisha Hethra mezani, taratibu, akasema, "Ujumbe ni ujumbe."

Nikarusha kete ya Hethra. Nikapata kumi na nane. Kalinda mlango vizuri sana. Nilikuwa na furaha, siwezi kusema uongo, yaani hapa siwezi.

Jumapili, 9 Februari

"Merrin kasema Hethra awaponye wote kabla ya kujiponya yeye."

Dolly akasema, "Mungu ambariki, huko jangwani amekuwa mtakatifu."

Jumapili, 16 Februari

Nusu saa tu. Simu ya Harlan ikalia, dhoruba imeingia kutoka Ziwani, akaondoka na gari lake kubwa. Sisi tukabaki tunapiga sepeto mlangoni. Curtis kanirushia theluji shingoni. Ana miaka ishirini na minne.

Jumatano, 19 Februari

Sasa najua kumtungia Merrin maneno. Jumamosi nikitoka sauna, kile chumba cha mvuke, nakaa na kuwaza Merrin atasema nini kesho, na linakuja lenyewe, kwa sauti yake kabisa. Namwuliza mambo mengine pia, si ya mchezo tu. Namwambia meneja kaninyima zamu ya asubuhi. Ananijibu. Ananijibu vizuri kuliko alivyokuwa ananijibu.

Jumapili, 23 Februari

Jana nilimharibu Hethra.

Alikuwa amepata kovu juu ya jicho la kulia, kwa hiyo nikachora kwa kalamu nyembamba ya wino mweusi, na macho nikayakoleza humohumo, nikapaka vanishi bila kungoja. Kosa la mtoto. Vanishi ikauyeyusha wino, macho yakatiririka hadi kidevuni, meusi meusi, kama ya mtu aliyelia kwa mwaka. Nikachukua msasa nikaisugua sura yote mpaka mti ukatoka mweupe.

Ndipo nikaona shida yenyewe. Sura ya Hethra niliichora miaka mitatu iliyopita kwa kumwangalia Merrin, amekaa kwenye ndoo mbele yangu, anakula, ananiambia fanya haraka. Merrin ana nyusi moja iliyokatika, alianguka kwenye barafu tukiwa darasa la nne, mimi ndiye niliyemsukuma. Nyusi ipi? Nilikaa na brashi hewani. Rangi ikanikaukia kwenye nywele za brashi. Nilitafuta picha kwenye simu, lakini za karibuni zote amevaa miwani ya jua.

Nimeikata ya kushoto. Sina hakika.

Leo mezani hakuna aliyesema kitu. Dolly tu kamgeuza Hethra kwenye mwanga, akasema, "Amenenepa mashavu. Jua la kusini hilo."

Jumapili, 2 Machi

Hakuna la kusema. Gorm kala uyoga, kaona babu yake.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimemchukia Curtis kwa saa nne kamili, na nataka ijulikane.

Pell, yaani mimi, nimeanguka kwenye kisima cha chini ya kasri. Wengine walikuwa na dakika chache tu kabla maji hayajapanda. Harlan akauliza kila mtu anafanya nini. Dolly akasema Bibi Chura anakimbia, anaomba radhi, lakini anakimbia. Curtis akasema Gorm anakimbia na kumbeba Bibi Chura. Mimi nikafungua simu yangu, nikajifanya nasoma.

"Merrin kasema Hethra anarudi kumchukua Pell."

Curtis akaweka kikombe chini. "Aliandika hivyo leo asubuhi? Kabla Pell hajaanguka?"

"Kasema kwa jumla. Lolote likitokea."

"Merrin."

"Ndiyo, Merrin."

"Merrin huyuhuyu aliyemwacha Gorm shimoni na nyoka ili akaokoe begi lake la dawa? Tulimsubiri siku mbili za mchezo. Aliporudi akaniuliza kama nimeona kijiko chake."

Dolly akacheka hadi akashika kifua. Nami nilicheka kidogo, lakini nilikuwa nimeungua masikio. "Watu hubadilika," nikasema.

"Watu wa wapi?"

"Curtis," Harlan akasema, bila kupandisha sauti. "Rusha kete yako."

Nimerudi kwa miguu juu ya theluji iliyoganda, nimekataa lifti ya Curtis, na njiani nikajaribu kukumbuka siku moja tu, nje ya mchezo, ambayo Merrin alirudi kunichukua mahali. Ile ya daraja, gari lilipokufa, alikuja mama yake. Ya mahafali nilipokosa usafiri, alinipigia simu kesho yake. Nilivuka kona tatu ninatafuta.

Nilikuta moja. Darasa la tano, alinirudia dukani kwa sababu nilikuwa nimeshika glavu zake.

Jumapili, 16 Machi

Theluji na upepo. Hatukucheza. Harlan barabarani tangu alfajiri.

Jumapili, 23 Machi

Hili nitaliandika pole pole.

Tuliendelea pale kisimani. Hethra ndani ya maji, Pell mgongoni mwake, na kile kitu cha kisimani kimeamka. Harlan hakukitaja jina, alisema tu kina mikono mingi na hakina haraka. Nilirusha kete ya Hethra ili akwepe. Moja. Katika pande ishirini, moja.

Jiko likawa linapiga tak tak. Hethra alikuwa na uhai wa pointi sita. Kila mtu alijua hesabu yake.

"Sasa narusha ya kwangu," Harlan akasema.

Akairusha nyuma ya ubao. Sasa, mimi siku hizi nakaa kiti cha Merrin, kile cha pembeni karibu na jiko, kwa sababu naweza kumfikia Hethra bila kuinuka. Na kutoka kiti kile, ukiegemea nyuma, ubao wa Harlan haufuniki kitu. Sikujua. Merrin miaka mitatu hakusema. (Sasa naelewa kwa nini alikuwa anabahatika sana.)

Niliona kete. Kumi na tisa, yaani Hethra kafa.

Harlan akaitazama kwa muda. Akaiokota, akaitia kwenye kiganja.

"Nne," akasema. "Kimemkosa kidogo. Kimemvunja pembe ya kushoto. Anatoka majini akiwa hai, na Pell pia."

Curtis akapiga meza, Dolly akasema asante Bwana. Mtu huyu hakumdanganyia mke wake kete. Dolly alinisimulia zamani: mkewe alimbembeleza, alimtukana kwa Kifini, akalia kidogo, na Harlan akasema kumi na saba ni kumi na saba. Leo kasema nne.

Hakunitazama. Alimimina kahawa, ikamwagika.

Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua.

Jumatatu, 24 Machi

Pembe za Hethra ni vijiti vya meno nilivyovichonga na kuvibandika kwa gundi. Nimeivunja ya kushoto kwa koleo, kama sheria inavyotaka. Imetoa sauti ndogo sana. Pale palipobaki nimepaka rangi ya mfupa na nyekundu kidogo.

Jumapili, 30 Machi

Ujumbe. Wa kweli. Wa kwanza tangu Januari unaozidi mstari mmoja:

"Mamangu anahamia huku, nakuja tarehe 12 kufunga vitu vya nyumba. Jumapili nitapita gerejini kuwasalimu, bado mnafanya ule mchezo? Nimekumiss."

Nimeusoma mara arobaini. Mwanzoni nilirukaruka chumbani. Halafu nikasoma tena "bado mnafanya ule mchezo", na nikaketi.

Atauliza Hethra yuko wapi, au watamwuliza. Curtis atamwambia asante kwa kuwalinda mlangoni. Dolly atamwita mtakatifu. Na yeye atasema: ujumbe gani?

Leo mezani nilisema Merrin anakuja, na kwamba kwa sasa anataka Hethra apumzike. Hilo la pili ndilo la mwisho nililomtungia.

Jumapili, 6 Aprili

Nilikwenda kwa Harlan mapema, saa tano. Alikuwa chini ya gari la theluji, miguu tu inaonekana, anapaka grisi.

"Harlan, nina neno."

"Lete na hiyo spana ya mezani."

Nikampa spana, nikaongea na buti zake. Nikasema yote. Mlango wa pango, kuponya wengine, kisima. Kwamba Merrin hajaandika neno la mchezo hata mara moja tangu Januari kumi na mbili. Nilipomaliza, buti hazikusogea.

"Nimejua tangu Februari," akasema.

"Ulijuaje?"

"Nimeongoza Hethra wa Merrin miaka mitatu. Alikuwa mjanja, mchekeshaji, na alikuwa wa kwanza kutoka mlangoni. Huyu wa kwako anangoja kila mtu."

"Dolly anajua?"

"Dolly ndiye aliyeniambia."

"Curtis?"

"Curtis alikasirika. Si juu yako. Alitaka kumpigia simu Merrin amtukane, nikamwambia akae."

Nikakaa mimi, kwenye ndoo. Kumbe wote. Jumapili zote zile mimi nasoma simu tupu, na wao wananitazama nasoma.

"Kwa nini hamkusema?"

Akajivuta nje, uso umejaa grisi. Akafikiri. Harlan akifikiri unaweza kwenda kununua maziwa ukarudi. "Ningemweka dirishani, ungekuja Jumapili mbili kwa adabu, halafu ungeacha. Meza ya watu watatu si meza. Na mimi nyumbani hapa nina watu Jumapili tu, Saima."

"Na sheria?"

"Sheria nimevunja. Kete nayo umeiona, nilikuona unaegemea." Akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono. "Huyo mwingine niliyemkatalia, namwaza kila siku. Lakini akija Merrin, hatusemi kitu. Hilo ni lako na yeye."

Tulicheza mchana. Sikuweza kumtazama mtu. Curtis alipita nyuma yangu akaniwekea kipande chake cha mkate wa iliki, kile cha pembeni chenye sukari nyingi, bila neno. Miaka yote nimemwona binamu yangu kama kelele tu.

Jumapili, 13 Aprili

Amekuja.

Kaleta sanduku la machungwa ya mti wa nyuma ya nyumba yao. Kakata nywele. Amekuwa wa rangi ya shaba, amependeza, ananuka mafuta ya jua. Alinikumbatia akaniinua kabisa kutoka chini, akasema, "Saima wangu, mbona umekonda," na mimi nikasahau kila kitu nilichotaka kumwambia. Nyusi iliyokatika ni ya kulia.

Nikainuka kumpa kiti chake. Akasema, "Kaa kaa, mi nakaa popote," akaketi juu ya ndoo ya chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani. Dolly akamenya chungwa, Curtis akala mawili na maganda yake kwa kushindana na nani sijui. Merrin akatuambia kuhusu Tucson, kuhusu Royce, kuhusu binti wa Royce ambaye sasa anakaa nao wiki nzima, ana miaka miwili na anamwita Mei kwa sababu Merrin linamshinda. Alipokuwa anamzungumzia alishika mikono yake yote miwili kifuani. Sijawahi kumwona hivyo juu ya kitu chochote. Nilijaribu kumchukia, haikuwezekana.

Kisha akaona meza. "Loo, bado mpo kwenye kasri lilelile?"

"La tatu sasa," Harlan akasema.

Mimi nilikuwa nimemsogeza Hethra ukingoni, upande wake. Nilimsafisha jana. Joho lake la rangi ya chungwa nilikuwa nimelirudia, ile rangi ya kopo lililokataliwa na mteja, Merrin mwenyewe ndiye aliyelichagua dukani. Merrin akainama, akamchukua, akamgeuza. Akaona kovu, pete ya kifuani, mahali palipoungua mgongoni kutoka Februari, pembe iliyovunjika. Akapitisha kidole gumba juu ya kila kimoja. Nilisubiri. 

"Huyu mzuri kuliko wote," akasema. "Nani huyu?"

Dolly aliacha kumenya. Ganda la chungwa likabaki linaning'inia. Na Curtis, Curtis ambaye hajawahi kuacha nafasi ya kumcheka mtu ipite, akasema kwa upole kabisa:

"Mgeni. Saima ndiyo anammalizia. Bado hajaingia mchezoni."

"Wangu yuko wapi? Yule wa pembe mbili? Mlimuua, semeni kweli, sitakasirika."

"Aliondoka," Harlan akasema.

"Kwenda wapi?"

"Kusini."

Merrin akacheka sana. "Mwerevu yule. Baridi hii, nani angekaa."

Akaendelea kumshika Hethra. Alimwinua kwenye mwanga wa dirisha, akamsimamisha kwenye goti lake, akamtikisa kidogo kama unavyomchezesha mtoto. Halafu akanigeukia, na uso wake ulikuwa ule wa darasa la pili, ule wa kuomba.

"Saima, kama bado hana kazi, naweza kumchukua? Nimpelekee mtoto. Anapenda vitu vya mbao, hapendi vya plastiki kabisa. Nitamwambia kachorwa na rafiki yangu."

Harlan alikohoa. Niliona Curtis anataka kusema, uwongo wake umemgeuka, amekuwa mwekundu hadi shingoni. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema ukweli wote pale pale, na ukweli ulikuwa hapo mkononi mwake, umechorwa, ulimi wangu haukuhitajika hata.

Lakini ni wake. Nilikaa miezi miwili nikiwaambia watu kwamba ni wake.

"Mchukue," nikasema. "Nipe hadi Jumanne, ana mahali hapajakauka."

Jumatatu, 14 Aprili

Mtoto wa miaka miwili anatia kila kitu mdomoni. Nimeing'oa pembe iliyobaki, maana angeimeza. Nimeukata ule mzizi wa pembe iliyovunjika, nimesugua kichwa kwa msasa hadi kikawa laini. Pete ya shaba niliichora kwa rangi ya madini, haifai kulambwa, nimeikwangua. Kovu nalo limekwenda na msasa, nilikuwa karibu mno. Kisha vanishi ile isiyodhuru, tabaka tatu, saa mbili mbili katikati.

Katikati ya la pili na la tatu nilitengeneza nyusi. Nimekata ya kulia, nimeziba ya kushoto.

Jumanne, 15 Aprili

Nimempa kupitia dirisha la gari. Mama yake alikuwa nyuma, katikati ya maboksi. Merrin akasema, "Umemtoa pembe. Bora, alikuwa anatisha kidogo." Akasema atapiga simu wakifika.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Hatukucheza. Dolly alituita chakula, sote watatu, na Harlan alivaa tai.

Jumapili, 27 Aprili

Tumekaa wanne. Barafu ya mfereji imevunjika tangu Alhamisi na mlango wa gereji ulikuwa wazi kwa mara ya kwanza. Harlan alituuliza kama tuweke kitu dirishani mahali pa Hethra, kiberiti au nini. Tulitazamana. Nikasema hapana, kigingi kipo, kiko kazini. Curtis akasema Gorm anamsalimu. Tukarusha kete.

Nilipofika nyumbani kulikuwa na picha kwenye simu. Beseni la bluu, maji, mtoto mwenye nywele zilizosimama anacheka bila kuangalia kamera, na mkononi ameshika kitu cha rangi ya chungwa kwa kichwa. Jicho moja limeshatoka. Naona alama za meno kwenye joho.

Chini Merrin kaandika: "Hamwachi hata akilala. Kampa jina Karoti."

Niliandika majibu manne, nikafuta matatu. Lililobaki nimelituma saa hii: "Jina zuri. Akitoka rangi niambie, nitamchorea mwingine."

Amesoma.